Kipa, Mkono na Mstari wa Kumi na Nane

Eneo la adhabu, ambalo wachezaji wengi wa pwani huliita boksi au kumi na nane, hupimwa kuanzia upande wa ndani wa kila mlingoti wa goli. Kutoka hapo ni mita 16.5 kwenda kando, na mita 16.5 nyingine kuingia uwanjani. Ukijumlisha pande zote mbili pamoja na upana wa goli wa mita 7.32, boksi zima lina upana wa mita 40.32. Mstari unaolizunguka hautakiwi kuzidi sentimita 12, na mstari huo wote ni mali ya boksi, kama ukuta wa nyumba ya mawe ya Lamu ulivyo sehemu ya nyumba wala si sehemu ya njia inayopita nje. Mpira ulio juu ya mstari bado uko ndani. Kipa aliyeelewa jambo hili moja amekwisha kuepuka nusu ya mabishano yanayozuka mabarazani baada ya mechi.

Nusu ya pili inatokana na kuangalia miguu. Watazamaji waliokaa pembeni humkazia macho kipa mwenyewe: viatu vyake viko wapi, goti limeangukia wapi, kiwiliwili kimevuka au hakijavuka. Sheria haijali hayo. Kinachopimwa ni mahali mkono ulipokutana na mpira. Kipa anaweza kusimama nje ya boksi kwa miguu yote miwili, akainama, akaunyoosha mkono ndani na kuudaka mpira ulio ndani, na hakuna kosa. Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachowaponza wengi: kipa aliyesimama ndani kabisa akiunyoosha mkono kuuchukua mpira ambao wote umeshavuka mstari amefanya kosa lile lile ambalo beki yeyote angefanya.

Umbo la mpira huongeza ugumu. Mzingo wake ni kati ya sentimita 68 na 70, yaani kipenyo cha takriban sentimita 22, na unapolala chini huigusa ardhi kwa sehemu ndogo tu. Hivyo inawezekana sehemu inayogusa mchanga ikawa nje ya mstari ilhali ubavu wa mpira bado umening'inia juu yake. Mpira wa namna hiyo huhesabiwa kuwa ndani, kwa kuwa mstari una urefu wa kwenda juu hewani kama ulivyo na upana chini. Lakini refa aliye mbali hana jicho la kupima sentimita tano za hewa, na kipa mwenye busara hauwekezi mchezo mzima kwenye sentimita hizo.

Katika visiwa vya Lamu suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu mara nyingi mstari wenyewe ndio unaobishaniwa. Kwenye uwanja wa mchanga chokaa hutawanyika kwa mateke ya dakika kumi za mwanzo, upepo humaliza kilichobaki, na punda akikatiza wakati wa mapumziko hakuna anayemrudisha nyuma kuufufua mstari. Ufukweni, kama kule Shela maji yanapokupwa, mstari huchorwa kwa kijiti au kwa kisigino na hufutika haraka zaidi. Waandaaji wa mechi, iwe ni kwenye uwanja wa Twaif mjini Lamu au kwenye kiwanja cha shule kisiwani Pate, wangefanya vyema kuupima mstari kwa kamba badala ya hatua, kwa sababu hatua za mtu mrefu na za mtu mfupi hutoa maboksi mawili tofauti kwenye uwanja mmoja.

Kazi yenyewe si kubwa. Kamba isiyovutika hukatwa kwa urefu wa mita 16.5. Hupimwa kutoka upande wa ndani wa mlingoti kuelekea kibendera cha kona, na hapo hupigwa kigingi. Kutoka kwenye kigingi hupimwa urefu ule ule kuingia uwanjani. Ili pembe iwe sawa, fundi yeyote wa ujenzi anaijua njia ya tatu, nne, tano: mita tatu upande mmoja, mita nne upande wa pili, na ncha zake zikiachana kwa mita tano kamili, pembe ni mraba. Kuna njia nyingine ya kuhakikisha: umbali kutoka upande wa ndani wa mlingoti hadi pembe ya mbele ya boksi upande huo huo uwe takriban mita 23.3. Kisha mstari utiwe chokaa nene, si kunyunyizwa, na urudiwe wakati wa mapumziko.

Mechi za ufukweni zinazofuata kanuni rasmi za soka la ufukweni zimelikwepa tatizo hili kwa namna yake. Huko mstari wa eneo la adhabu hauchorwi kabisa. Ni mstari wa kufikirika ulio mita tisa kutoka mstari wa goli, unaoonyeshwa na vibendera vya manjano vilivyosimikwa nje ya uwanja pande mbili. Hata kwa mechi za kirafiki za wachezaji kumi na mmoja mchangani, wazo la vibendera viwili nje ya uwanja, sambamba na mstari wa boksi, linafaa kuigwa. Kipa hutupa jicho pembeni akajua yuko wapi, na refa vilevile.

Kitu ambacho kipa hatakiwi kufanya ni kujichorea alama mwenyewe. Makipa wengi wana tabia ya kukwaruza ardhi kwa kisigino katikati ya goli, wengine huburuta mguu hadi ukingoni mwa boksi ili wapate kipimo. Mchezaji anayechora alama isiyoruhusiwa uwanjani anastahili kadi ya manjano. Refa wa kijijini huenda akalifumbia jicho, lakini siku ya fainali ikisimamiwa na refa anayeshika kitabu, kadi hiyo itatoka. Badala yake kipa anashauriwa kuingia uwanjani mapema, atembee kutoka mstari wa goli hadi ukingo wa boksi akihesabu hatua zake mwenyewe, kisha afanye hivyo tena kwenda kando. Upande wa kando ndio unaosahaulika. Makipa huuogopa mstari wa mbele, kumbe pembeni karibu na mstari wa goli boksi huisha ghafla, na mpira unaokimbilia kibendera cha kona huwavuta nje bila wao kutambua.

Hatari inayofuata ni mpira mrefu unaopigwa nyuma ya mabeki. Hapa kipa ana muda mfupi wa kuamua kati ya mambo matatu: autokee kwa mikono, autokee kwa mguu au kichwa, au abaki. Makosa mengi ya kudaka nje huzaliwa katika uamuzi huu, wala si katika kutojua sheria. Kipa ameshaondoka akiamini mpira utaingia boksi, nao unafia njiani hatua mbili kabla ya mstari, mshambuliaji anakuja, mikono, iliyozoea kudaka, inatangulia kabla ya akili.

Uwanja wa Lamu humdanganya kipa kuliko uwanja wa nyasi. Mchanga mkavu na mzito hula kasi ya mpira, kwa hiyo pasi iliyoonekana itafika mikononi husimama nje. Mchanga ulioshikana baada ya maji kupwa hufanya kinyume: mpira huteleza na kufika mapema kuliko ulivyotazamiwa. Upepo nao una neno lake. Mpira wa juu uliopigwa kuukabili upepo wa kusi huning'inia na kurudi nyuma, na kipa aliyetoka kuudaka hujikuta umetua mbele yake, nje ya boksi. Timu inayocheza kwa kuupa upepo mgongo hukumbana na mengine: mipira ya kipa wao mwenyewe huenda mbali mno, na ile inayorudishwa na wapinzani hufupika. Kabla ya mechi kuanza, mipira mitano sita ikiviringishwa na kupigwa juu kutoka pande mbalimbali itamfundisha kipa mambo ambayo hakuna kocha anayeweza kumweleza kwa maneno.

Zoezi linalofaa zaidi ni la sauti. Kocha husimama mita thelathini kutoka golini, hupiga mpira kuelekea ukingo wa boksi kwa kasi isiyotabirika, na kipa hutakiwa kupaza sauti "mkono" au "mguu" kabla hajapiga hatua ya tatu. Akishatamka, haruhusiwi kubadili. Baadaye huongezwa mshambuliaji mmoja. Faida yake si sauti yenyewe, ingawa mabeki nao hunufaika wakisikia. Faida ni kwamba uamuzi hufanywa mbali na mstari, mahali ambapo bado kuna nafasi ya kufikiri.

Anapoamua kuutokea kwa mikono karibu na ukingo, namna ya kuanguka ina maana kubwa. Kipa anayejirusha mbele miguuni mwa mshambuliaji hubebwa na kasi yake, na mpira alioudaka kihalali ndani humalizikia mita moja nje ukiwa bado mikononi. Hilo ni kosa, maana kuushika mpira kunaendelea kwa muda wote ambao mkono umeugusa. Anayeanguka kwa ubavu, mwili ukilala sambamba na mstari, hufunga eneo pana zaidi la goli na pia husimama pale pale. Ikiwa ameshateleza na anaona mstari unapita chini yake, heri auachie mpira na kuukinga kwa kifua na miguu kuliko kuung'ang'ania.

Nje ya boksi kipa ni mchezaji kama wengine, na hilo lina upande wa nafuu pia. Mpira ukimpiga mkononi kwa bahati mbaya, mkono ukiwa umekaa katika hali ya kawaida ya mwili, si kosa. Bega si mkono: mpaka wa juu wa mkono, kwa mujibu wa sheria, ni usawa wa chini ya kwapa. Anaweza kuutuliza mpira mrefu wa wapinzani kwa kifua akiwa nje, akausukuma kwa mguu hadi ndani ya boksi, kisha akauokota. Hilo ni halali kabisa. Inashangaza jinsi makipa wachache wanavyoitumia njia hiyo. Wengi huubutua mpira huo uende utakakokwenda.

Lakini halali hiyo hutegemea mpira umetoka kwa nani. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kuushika mpira aliopigiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake, na tangu 1997 haruhusiwi kuushika uliorushwa kwake moja kwa moja na mwenzake kutoka pembeni. Kuuvusha mstari hakuusafishi. Beki akimpasia kipa aliye nje ya boksi, kipa akauburuta kwa mguu hadi ndani na kuudaka, kosa liko pale pale, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeugusa baada ya pasi ile. Pasi ya kichwa, kifua au paja haina tatizo, mradi si hila ya kuikwepa sheria. Pia kipa aliyejaribu waziwazi kuubutua mpira wa mwenzake akaukosea, anaruhusiwa kuushika baada ya hapo.

Wakati wa kuachia mpira ndio ambao makipa hujisahau zaidi, pengine kwa sababu hakuna mshambuliaji wa kuwatisha. Kipa hudaka, husimama, hukimbilia ukingoni ili aupige mbali. Tangu msimu wa 2025/26 mwendo huo umekuwa wa haraka zaidi, kwa kuwa sheria mpya inampa sekunde nane za kukaa na mpira mkononi. Refa huonyesha kwa mkono sekunde tano za mwisho, na zikipita wapinzani hupewa kona. Zamani zilikuwa sekunde sita na adhabu yake ilikuwa frikiki isiyo ya moja kwa moja, ambayo marefa hawakuwa na moyo wa kuitoa. Kipa anayeona vidole vya refa vikihesabu hukimbia, na anayekimbia huvuka.

Kwa mpira wa kuachia na kuupiga teke, kinachohesabika ni pale ulipotoka mkononi. Ukiwa umeshatoka mkononi ndani ya boksi, mguu unaweza kuupigia nje bila kosa. Kwa mpira wa kurusha hali ni ngumu zaidi, maana mkono huandamana na mpira hadi mwisho wa mzunguko wake, na mwisho huo uko mbele ya mwili kwa karibu urefu wa mkono mzima. Kipa aliyesimama juu ya mstari akirusha, hakika mpira unatoka mkononi nje. Ushauri wa kawaida ni kuachia mpira angalau mita moja kabla ya mstari. Mita hiyo haimwongezei mtu umbali wowote wa maana, na inaondoa mashaka yote.

Kuna mtego mwingine hapo. Kipa akishauweka mpira chini, amekwisha kuuachia. Hawezi kuushika tena mpaka mchezaji mwingine auguse. Anayetoka nao mguuni hadi nje ya boksi, akaona mshambuliaji anakuja, akarudi ndani na kuuokota, huwapa wapinzani frikiki isiyo ya moja kwa moja pale alipoushikia. Akiuokotea nje, frikiki inakuwa ya moja kwa moja.

Utaratibu wa waamuzi unamtaka mshika kibendera asimame usawa wa ukingo wa boksi wakati kipa anapoachia mpira, ahakikishe haujashikwa nje, kisha ndipo arudi kwenye kazi ya kuangalia kuotea. Mechi nyingi za vijijini hazina washika kibendera waliofundishwa, na refa wa kati kwa wakati huo huwa ameshatangulia kuusubiri mpira utue. Anachokiona kutoka mita arobaini ni makadirio. Refa wa aina hiyo anashauriwa kumwonya kipa kwa maneno mara ya kwanza anapoukaribia mno mstari, badala ya kupuliza filimbi kwa sentimita ambazo hakuziona. Palipo na kosa la wazi, asisite.

Sasa adhabu, eneo lenye imani potofu kubwa kuliko yote. Wengi huamini kuwa kipa akidaka nje ni kadi nyekundu moja kwa moja. Sivyo. Kosa lenyewe huadhibiwa kwa frikiki ya moja kwa moja tu. Kadi hutegemea kile ambacho mkono umekizuia. Kama haukuzuia chochote cha maana, kwa mfano kipa aliyevuka akirusha mpira bila mpinzani karibu, hakuna kadi. Kama umevunja shambulizi lenye matumaini, ni ya manjano. Kama umezuia goli au nafasi ya wazi ya kufunga, ni nyekundu. Katika kupima nafasi ya wazi refa huangalia umbali kutoka golini, mchezo ulikuwa unaelekea wapi, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mabeki walikuwa wangapi na wako wapi.

Mifano mitatu ya ulimwengu inatosha. Katika Kombe la Dunia la 1994, kipa wa Italia Gianluca Pagliuca aliuzuia mpira kwa mkono nje ya boksi dhidi ya Norway, akatolewa mapema kipindi cha kwanza. Alikuwa kipa wa kwanza kupewa kadi nyekundu katika fainali za michuano hiyo. Oktoba 2016 Claudio Bravo wa Manchester City alimpasia vibaya Luis Suárez wa Barcelona akiwa nje ya boksi, kisha akalizuia shuti lake kwa mkono. Hapakuwa na mtu nyuma yake, na nyekundu haikuhitaji mjadala. Tofauti ni fainali ya Kombe la FA ya Mei 2025. Dean Henderson wa Crystal Palace aliugusa mpira nje kidogo ya boksi mbele ya Erling Haaland, lakini waamuzi wa video waliona mpira ulikuwa ukielekea pembeni, haukuwa ukielekea golini, hivyo si nafasi ya wazi. Frikiki ya kawaida haimo katika mambo ambayo video inaweza kuyarekebisha, basi mchezo ukaendelea, Henderson akaokoa penalti na Palace wakashinda 1–0. Uamuzi huo uliwakera wengi, lakini kwa kipimo cha mwelekeo wa mchezo una hoja yake.

Ndani ya boksi hesabu ni nyingine kabisa. Kipa anayeushika mpira asiotakiwa kuushika, kama pasi ya beki, huadhibiwa kwa frikiki isiyo ya moja kwa moja bila kadi, hata kama mpira ulikuwa unaingia wavuni. Haiwi penalti. Kuhusu kadi kuna hali moja ya pekee, pale kipa mwenyewe alipouanzisha mpira, tuseme goli kiki, kisha akaugusa mara ya pili kabla ya mwingine na kuzuia shambulizi. Hapo kadi hutoka. Kosa likitokea ndani ya boksi dogo la mita 5.5, mpira huwekwa kwenye mstari wa boksi dogo ulio sambamba na goli, na watetezi huruhusiwa kujipanga juu ya mstari wa goli kati ya milingoti.

Frikiki ya ukingoni humrudishia kipa kazi akiwa na hasira au aibu, na mara nyingi ndiyo inayozaa goli. Apange ukuta upesi, mita 9.15 kutoka kwa mpira, na akumbuke kuwa ukuta ukiwa na watu watatu au zaidi wapinzani lazima wakae umbali wa angalau mita moja nao. Kubishana na refa kuhusu mstari humpotezea sekunde ambazo mpigaji anaweza kuzitumia.

Na akitolewa, timu lazima iwe na kipa mwingine na ibaki na mchezaji pungufu. Italia ya 1994 ilimtoa Roberto Baggio ili kumwingiza Luca Marchegiani, na ikashinda 1–0. Komoro hawakuwa na bahati hiyo Januari 2022 kwenye Kombe la Afrika: makipa wao wakiwa wameumia au kuzuiwa na korona, beki Chaker Alhadhur alivaa glavu dhidi ya Kamerun, akaokoa mipira ya kushangaza, wakafungwa 2–1 tu. Timu inayovuka kwa mashua kutoka Faza au Kizingitini kuja kucheza mjini Lamu haisafiri na msafara mkubwa, hivyo inafaa mchezaji wa ndani wa kushika goli ateuliwe kabla ya kupanda chombo, afanye mazoezi ya kudaka, na jezi ya pili ya kipa, yenye rangi isiyofanana na ya wachezaji wengine wala ya waamuzi, iwekwe kwenye mkoba pamoja na glavu zinazomtosha.